Fundi wa Kuzeesha

Unaniuliza, daktari, nimevuta sigara miaka mingapi.
Sikuvuta sigara. Nilivuta mchanga.

Istanbul, mtaa wa Bagcilar, chumba kilicho chini ya barabara,
dirisha tumeliziba kwa magunia ili majirani wasilalamike.
Tulikuwa tisa, wote wa kijiji kimoja, juu kule Bingol,
na kazi yetu ilikuwa kuzeesha nguo.
Jinzi zinaletwa mpya, ngumu, buluu ya wino.
Unashika bomba, upepo unatema mchanga,
paja linapauka, goti linapauka,
dakika mbili, na suruali imekwisha kuishi miaka kumi
kwenye mwili wa mtu asiyekuwapo.
Bosi alisema huko ng'ambo
kilichochakaa hulipiwa zaidi.
Tulicheka sana. Kwetu vilijaa, tena bure.

Usiku tulilala papo hapo, juu ya marobota.
Veysi akipenga kamasi, hutoka tope.
Mdomoni tulifunga kitambaa cha kuchujia jibini
ambacho mama alikitia mzigoni pamoja na mkate.

Nina miaka thelathini na mmoja.
Zamani nilipanda hadi malishoni na kondoo mgongoni.
Sasa ngazi za msikiti ni saba:
tatu, nasimama;
mbili, nasimama;
mbili zilizobaki
namwachia Mungu.

Veysi tulimzika theluji ikingali magotini.
Waliochimba kaburi walikuwa wazee,
baba yake mmojawapo.
Sisi vijana tulikaa ukutani, tumeshika vifua,
hakuna aliyeweza kuinua sururu.

Juzi mpwa wangu Rojda alirudi kutoka chuoni
amevaa jinzi iliyopauka mapajani.
Niliitazama kama mtu anayetazama mwandiko:
huyu alikuwa mgeni wa kazi, bomba kalisogeza mno,
hapa mkono ulichoka,
hapa alikohoa.
"Imekupendeza," nikamwambia. Na kweli ilimpendeza.

Basi andika.
Pale palipoandikwa *kazi*, weka: fundi wa kuzeesha.
Pale pa *mwajiri*, najua, faili zote za kijiji chetu
umepaacha wazi. Karakana haikuwa na kibao,
bosi kahama, bima hatukukatiwa.
Lakini usigeuze ukurasa.
Nisubiri kidogo.
Nipate pumzi.
Jina lake
nalijua.