Noti Chini ya Mguu wa Meza

Mfalme aliagiza uso wake ugongwe kwenye fedha
na kando yake maneno: Mungu Aliyedhihirika.
Epifane, wakaitikia waliokula kwake.
Epimane, wakanong'ona wengine sokoni, mwendawazimu.
Herufi moja tu imegeuzwa,
na herufi haina shingo ya kukatwa.

Ndivyo bibi Kainza alivyonisimulia habari za Antioko
akimenya matoke, kisu hakipumziki,
mlima Masaba umejifunika ukungu hadi kiunoni.
Kwake Yerusalemu ilikuwa kama Bubulo:
mbali kidogo, lakini unafika kwa miguu
ukitoka alfajiri.

Maana naye alikuwa na wake.
Mwaka ule redio ilitaja dini zinazoruhusiwa,
wakasikiliza mpaka mwisho, yetu haikutajwa.
Jumamosi ya pili wakaja watu wa gombolola na majembe:
siku ya barabara ndiyo leo.
Babu Mesulamu akasema mgongo unamuuma.
Mgongo ukamuuma kweli,
baada ya viboko.

Kitabu walikificha ndani ya mzinga mtupu, juu ya mvule.
Nyuki wakahamia.
Hakuna aliyekuja kupekua tena.

Mwezi wa Kislevu ulipofika wakaziba dirisha kwa gunia la kahawa,
wakawasha koroboi.
Usingoje muujiza. Mafuta yaliisha usiku wa tatu.
Usiku wa nne bibi akaweka punje nne za mahindi kwenye sinia,
wa tano, tano,
watoto wakazihesabu kwa vidole gizani,
mdogo akirudia rudia asije akaruka hata moja.
Usiku wa nane wakazikaanga, wakazila.

Noti za enzi hiyo nazo zilikuwa na sura.
Bibi alizikunja uso ndani
kabla ya kuzitoa dukani kununua chumvi.
"Ajitazame mwenyewe humo," alisema.

Leo mwanangu Eriyabu ananiuliza: Antioko alikufaje?
Ugenini, nasema, ametoka kushindwa kupora hekalu jingine.
Na yule wa redio?
Ugenini.
Anafikiri kidogo, kisha anauliza kama kuna karanga.

Namwambia ashike taa vizuri, meza hii inayumba
tangu mchwa waule mguu wa nyuma.
Hapana, nimesahau, haiyumbi tena.
Noti moja ya zamani imekunjwa mara nne chini yake.
Sura iko ndani.