Hesabu ya Vichwa, Baba Dogo

Nilitumwa na kalamu mbili, moja ya akiba,
na fomu yenye nembo ya ngao na simba wawili,
nikahesabu vichwa kiwandani, Baba Dogo,
Alhamisi ya rasharasha,
matope meusi yamening'ang'ania soli kama deni.

Mkataba ninao kwenye faili:
miaka kumi bila kodi,
umeme nusu bei, ardhi karibu na bure,
nao, kwa upande wao, ajira mia nane.
Imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno,
kama hundi.

Nikaanza na wakata vitambaa. Thelathini na tisa.
Nikapita kwenye cherehani, safu kwa safu,
migongo imeinama kama ya watu wanaosali,
ila kinachoinamiwa hapa ni mfuko wa shati:
mifuko mia nne kwa zamu,
na aliyeishona hana cha kutia hata katika mmoja.
Mia mbili na tisini. Mia nne na kumi na moja.
Mwanamke mmoja akanitazama
bila kutoa mguu kwenye pedali.
Wapiga pasi. Wafunga maboksi. Chumba cha wagonjwa, mmoja.

Mia sita na kumi na nne.

Bwana Mogaka, meneja, akanifungulia soda.
"Hujahesabu zamu ya usiku."
Usiku kuna kufuli, mlinzi ameshaniambia.
"Basi hesabu walinzi."
Wamo tayari. Wanne. Mbwa nilimwacha.
"Na mama wa chai pale langoni?
Bila sisi angemuuzia nani?"

Hapo kalamu ikasita,
maana lilikuwa neno la kweli
na lilikuwa wizi,
na soda yake nilikuwa nimeshaionja.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Huyu ni mwaka wa tisa,
na mpini bado tunaushika sisi.

Binamu yangu Kithome ana cherehani tatu, Kariobangi.
Alikuwa nazo tatu.
Mwezi wa pili askari wa kaunti walibeba moja
kwa sababu ya leseni.
Ameajiri vijana wawili, anawalipa Jumamosi kwa Jumamosi,
na hakuna waziri aliyekuja kumkatia utepe.
Kodi ya duka analipa, kodi ya serikali analipa;
neno ni lilelile, mkono ndio tofauti.
Nami humuuliza kila mara, kwa utani:
hizi ajira mia nane tumezinunua, au tumepanga tu?
Na tukikosa kodi ya mwezi,
nani atatutolea vyombo nje?

Nikiandika mia sita na kumi na nne,
barua itatoka wizarani, msamaha utafutwa,
naye mwenye kiwanda atavisha mashine zake nailoni
azivushe ng'ambo ya Moyale,
anakopigiwa simu kila Ijumaa.
Na yule wa pedali
nitakutana naye Lucky Summer, kwenye foleni ya maji,
mimi na mtungi wangu, yeye na macho yake.

Nikiandika mia nane,
watu mia na themanini na sita wasio na miili
watakula kwenye bajeti hadi mwakani.
Hawakohoi. Hawagomi.
Hawaombi likizo ya uzazi.
Wafanyakazi bora kabisa nchini.

Nikatoka, fomu ndani ya koti,
nafasi moja bado nyeupe.

Kasyoka akanimiminia chai, akaniwekea andazi,
akajipangusa mkono kwenye leso
akachomoa stakabadhi ya kaunti,
ya leo, shilingi hamsini, imelowa pembeni.

"Afisa, mimi nimeshalipa.
Huko ndani, umeniandika?"

Mvua ilikuwa inadondokea kikombeni.
Nilikunywa polepole sana,
na chai haikupungua.