Moshi Unaorudi

Jumanne, Masasi, nyuma ya ghala la korosho.
Pikapu ya mzee Lipande inanguruma tangu saa mbili;
lazima injini ipate joto kwanza,
ikiwa baridi haisemi kweli.

"Nikipanda Newala inagonga kama njugu kwenye debe.
Na mapipa ya maji yako juu, Somoe, watu wananingoja."
Nasema ndiyo, ndiyo. Natafuta vali.

Ipo pale, kofia ya bati kama kifuniko cha kibuyu,
kati ya bomba la moshi na koo la injini.
Kazi yake ya ajabu kidogo:
kuuchukua moshi uliokwisha kutoka
na kuurudisha ndani, kijiko kwa kijiko,
moto usijione mfalme.

Pampu ya kupimia sina. Nina mrija wa dripu
alionipa dada yangu, wa zamu ya usiku Mkomaindo.
Nachomeka, naweka mdomoni.

Hapa ndipo wateja hunicheka:
nataka gari lako litetemeke,
likohoe, lizime kabisa ikibidi.
Mgonjwa ni lile lisiloshtuka.

Navuta.
Injini inanguruma tu, haina habari.
Navuta tena mpaka mashavu yanakutana.
Naziba ncha kwa ulimi: unang'ang'ania, hewa haivuji.
Basi ngozi ya vali ni nzima.
Njia ndiyo imezibwa.

Boliti ya kwanza inatoka. Ya pili inagoma,
naimwagia mafuta, naitukana kidogo.
Nilitegemea masizi, bisibisi ya kukwangulia iko tayari.

Siyo masizi.
Ni kibati cha kopo la maziwa,
matundu mawili, na pembeni alama ya msumari:
S, na mstari chini yake.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwa fundi Ng'itu
na kiburi cha spana mpya.
"Ziba tu," nilikuwa nawaambia watu, "gari litapumua."
Nikaziba, nikalipwa, nikasahau.

Mzee anachungulia. "Umeona nini?"
Mdomoni bado nina ladha ya plastiki.
"Mkono wangu," nasema, nikampa akishike.
Alikigeuza mara mbili. Hakusema kitu.

Gasketi mpya. Nawasha. Nachomeka. Navuta:
pikapu yote inatikisika, mapipa yanagongana,
utingo anaruka chini akidhani imekufa.

Gasketi elfu nane.
Ya ufundi sikutaja, naye hakuuliza.