Alama ya Kutoa

Fizikia ilinipa S.
Nikarudi nayo Handali ndani ya tranka, chini ya sare,
na baba hakuuliza kitu. Alisema tu:
mtama umeanza kutoa masuke, dungu linataka mtu.

Basi mwaka huu namba yangu ya mtihani inaanza na P.
Mtahiniwa wa kujitegemea.
Najitegemea kweli: miti minne, fito, nyasi juu,
kombeo, rundo la madongo ya mviringo,
na simu ya kaka Chilewa yenye ufa
kuanzia kwenye saa mpaka kwenye betri.

Saa sita usiku bando la usiku linafunguka.
Dunguni napata vijiti viwili vya mtandao.
Nashusha mihadhara ya chuo kikuu cha mbali, ya bure;
neno hilo nililisoma mara tatu
nikitafuta mahali pa kulipia.
Mhadhara mmoja unashuka mpaka jogoo wa Nhonya awike.
Ukikwama kwenye tisini na nane
nainyoosha simu juu kama naomba mvua.

Mchana ndiyo nasoma.
Mzee wa kipara, sweta, chaki hadi kwenye kope.
Nyuma yake dirisha, na nje ya dirisha kitu cheupe kinaanguka
polepole, wala hakimshtui mtu.
Kiingereza chake kinakimbia. Nampunguza mwendo,
anakuwa kama mlevi anayeeleza jambo la kweli.
Narudisha. Narudisha tena.
Ni mwalimu wa kwanza ambaye sijamchosha.

Kisha kwelea.
Hawaji kama ndege, wanakuja kama wingu lililobadili nia.
Namsimamisha mzee, mkono wake hewani,
nazungusha kombeo, naachia,
wingu linainuka, linatua kwa Nhonya,
na Nhonya ananitukania bibi.
Nabonyeza. Mkono wa mzee unashuka.

Mhadhara wa nne: kitu kilichorushwa.
Akachora upinde. Akaandika mwendo wa kwanza, pembe, muda,
na mvutano wa dunia
akauandika bila alama ya kutoa.
Nikangoja. Akaendelea. Ubao ukajaa.
Wanafunzi mia, naona migongo yao tu,
wakanakili.
Kwa hesabu ile jiwe lake halirudi.
Litapanda, litaongeza kasi, litapita juu ya paa la chuo
na halitaonekana tena.
Mimi nimerusha madongo tangu alfajiri.
Yote yamerudi. Moja limerudia kwenye debe la maji la Nhonya.

"Weka kutoa!" nilipiga kelele, sijui kwa Kigogo, sijui kwa Kiswahili,
"kutoa, mzee!"
Kwelea wote wakaruka, nami sikuwa nimewalenga.

Dakika kumi na moja zikapita
ndipo mtu wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.
Mzee akageuka, akasugua kipara, akacheka,
akaongeza kistari kimoja.
Migongo mia ikainama kusahihisha.
Changu kilikuwa daftarini tayari,
nimekikoleza mpaka wino ukatoboa ukurasa wa pili.

Jioni mama aliuliza nilikuwa nagombana na nani.

Sijui mtihani utauliza nini.
Mzee hafundishi wanavyouliza: hasemi taja, hasemi alama nne,
saa nzima anaweza kuipoteza kwenye jambo
ambalo mtaala haulijui.
Hayo mengine nayatafuta kwenye mitihani iliyopita,
kwa taa ya sola, mpaka ififie.

Lakini kila mwisho anaweka chaki chini, anauliza kama kuna swali,
na anangoja kidogo, akitazama juu ya vichwa vyao,
huku niliko.
Ninalo.
Kile cheupe dirishani, mbona hakiangukii haraka
kama dongo langu?
Video inakatika hapo.
Nachora mshale wa uzito kwenda chini.
Nachora mwingine kwenda juu, mfupi,
naufuta, naurefusha.
Nhonya anapiga mluzi: wanakuja.