Kuingia Si Kufaa

Drili ilikata roho na skrubu nusu mlangoni,
orofa ya nne, Tudor, jikoni kwa mwalimu Riziki.
Ilivuta pumzi mbili, ikaguna, ikanyamaza.
Chengo akanitazama. Mimi nikaitazama betri
kama mtu aliyekutana na mdeni wake sokoni.

Zamani ilimaliza kabati zima, milango na droo,
na jioni ikabaki na nguvu ya kutoboa ukuta.
Mwaka jana, skrubu thelathini.
Sasa nane, na ya tisa naimalizia kwa bisibisi ya mkono,
kiganja kimetoa lengelenge, mwenye nyumba ahesabu dakika.

Usiku niliichomeka kwenye chaja ya marehemu bamkwe,
ile nzito ya kijivu, ya enzi za nikeli,
kwa sababu tundu lilikubali
na taa nyekundu iliwaka, nami nikaiamini taa.
Saa saba Mbeyu akanigusa bega:
"Baba, kwanuka rangi ya kucha, na hakuna aliyepaka."

Ilikuwa imevimba tumbo kama bunju.
Nikazima ukutani kwanza, ndipo nikaishika kwa kitambaa,
nikaitua uani kwenye karai la mchanga,
mbali na mkeka, mbali na mtungi wa gesi,
nikakesha nayo hadi adhana ya alfajiri
kama anayemlinda mgonjwa asife mbele ya watoto.

Asubuhi, Mwembe Tayari, dukani kwa Bi Zulekha,
mwenye miwani mbili, moja puani moja kichwani,
na mita ambayo waya zake zimefungwa uzi wa cherehani.
Chengo, kijana wa mbio, akaokota betri ya bei chee,
akaisukuma drilini. Ikakwama kwenye ulimi mdogo wa plastiki.
"Tukiukata huu," akasema, "itaingia."
Bi Zulekha hakuinua kichwa:
"Ulimi huo ndio unaosema kweli. Waukata wa nini?"

Kisha akanigeukia mimi.
Volti ngapi? Nikasema ishirini.
"Ishirini ni ya sanduku, ya kazi ni kumi na nane.
Huyo ni mtu mmoja kwa majina mawili.
Hii ya kijana ni ishirini na nne. Huyu ni mtu mwingine."
Chaja je?
Nikaitua ile ya bamkwe juu ya meza.

Akaigeuza, akaipangusa kwa ncha ya leso,
akasoma maandishi yake madogo kama barua ya posa.
"Mzee huyu alifunzwa kulisha nikeli. Nikeli ni ng'ombe,
hushiba na bado atafuna. Lithiamu ni mtoto mchanga,
yataka mlishaji ajuaye kusema basi.
Chaja hii haijui neno basi.
Kuingia si kufaa, mwanangu.
Hata ufunguo wa jirani huingia."

Nikacheka, kisha sikucheka.
Nilikumbuka miaka mitatu kwa mkandarasi wa Nyali,
na ulimi nilioukata ili niingie.

Nililipa betri na chaja yake, elfu tisa na mia mbili.
Karo ya Mbeyu ikasogea wiki mbili.
Ile iliyovimba Bi Zulekha akaiziba meno ya shaba kwa utepe,
akailaza ndani ya kopo la maziwa lenye mchanga.
"Isiende Mwakirunge," akasema.
"Kule watu waokota kwa mikono."

Alasiri tukapanda tena orofa ya nne.
Skrubu ilikuwa pale pale, nusu ndani nusu nje,
imeshika vumbi la unga.
Nikasukuma betri. Tak.
Mwalimu akauliza kama leo tutamaliza.
Chengo alikuwa amechutama, asoma nyuma ya chaja mpya,
midomo ikicheza, kidole chini ya kila tarakimu.
Nikamwacha asome.
Skrubu ikangoja kidogo tena.