Tundu la Kishikizo

Miaka thelathini nashona Wete,
na miaka thelathini pini zangu zimelala mdomoni,
tatu kushoto, mbili kulia,
nikisema na wateja kwa pembe ya midomo.
Ulimi haukuchomwa hata siku moja.

Mize aliyaona hayo tangu anatambaa.
Asubuhi ya mtihani, mbele ya kioo,
ushungi mkononi, pini katikati ya meno,
mdogo wake akatia mzaha
na kicheko kikaingia ndani badala ya kutoka.

Akakohoa mara moja. Akanyamaza.
"Nimeimeza," akasema. Tukamlisha ndizi,
tukangoja ishuke.
Haikushuka. Ilishika njia ya pumzi.

Kwenye picha, pafu la kulia, chini kabisa:
mstari mweupe, mnyofu, na kichwa chake.
Niliijua. Niliinunua mimi, kwa dazeni.

Mkoani wakasema lazima apasuliwe.
Nikauliza jina la daktari. Wakanambia: Shoka.
Ya Rabbi, hata jina mmekosa jingine?

Biubwa Shoka alikuwa na mikono midogo.
Akanichorea mbavu nyuma ya cheti cha dawa.
"Kifua sikifungui. Matundu mawili tu,
kila moja kama tundu la kishikizo cha shati.
Humo kitapita kijiti chembamba, ncha yake chuma.
Nje, juu ya ngozi, nitashika sumaku.
Nikiisogeza huku, nacho kinasogea kule ndani,
kinalinyanyua pafu taratibu,
nione pini ilikojificha."

Nikamwambia: sumaku naijua.
Yangu niliing'oa kwenye redio mbovu ya marehemu,
kila jioni naiburura sakafuni
na pini zinanijia zenyewe, mbio, toka chini ya mkeka.
Akacheka. "Basi kazi yetu moja."

Si moja. Mkeka hauvuji damu.

Nilikaa kwenye benchi saa tatu na nusu.
Ukuta mmoja kati yangu na ile sumaku,
ngozi moja kati ya sumaku na chuma.
Nikawaza: kumbe kitu huvutwa bila kuguswa,
kama nilivyomvuta mwanangu kwenye ada yangu mbaya
bila kumfundisha hata neno.

Pini wakaniletea ndani ya kichupa,
lulu yake ya bandia imegeuka rangi ya chai.

Siku ya pili nikaomba kuuona mshono.
Muuguzi alidhani naogopa. Nilikuwa nakagua.
Mishono mitatu hapa, miwili pale,
uzi haukukazwa, ngozi haikukunjamana.
Ningempa kazi mwanamke yule.

Sasa pini zangu zinakaa juu ya sumaku, ubavuni mwa cherehani,
zimesimama kama miiba ya nungunungu.
Mdomo mtupu. Wateja wanasema
nimekuwa msemaji.

Mize yuko dirishani, anapuliza puto jekundu
kama alivyoagizwa, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.
Linajaa. Linanywea.
Naacha kanyagio la cherehani,
mpaka lijae tena.