Hujaanguka?

Walimuuliza getini.
Wakamuuliza tena dirishani pa malipo.
Na mimi, chumba cha eksirei, Newala,
nikimlazia goti juu ya kaseti:
Bibi Somoe, ulianguka wapi?

"Sijaanguka, mwanangu.
Ningeanguka ningesema. Kuanguka si aibu."

Goti lilitoka safi,
mifupa imeachiana nafasi
kama majirani wasiodaiana.
Nikaandika rejistani: uzee.
Nikaita anayefuata.

Tabibu Hokororo hakuanza na picha.
Alisimama mlangoni akamtazama anavyokuja,
hatua kumi na moja kutoka kwenye benchi,
mguu wa kushoto ukigusa sakafu
na kuiomba radhi hapo hapo.
Akamlaza. Akashika kisigino,
akauzungushia mguu mzima ndani, taratibu,
kama mtu anayefungua kufuli usiku
na watoto wamelala.
Bibi hakulia. Aliuma pindo la kanga.
"Wapi?"
Kidole chake kilipita goti, kikapanda,
kikatua kwenye kinena.
"Kwenyewe ni huku. Goti linaletewa salamu tu."

Ndipo mengine yakatoka, moja moja:
tangu Oktoba anainama chini ya mikorosho,
anaokota, anamenya bibo, anaokota;
akilala maumivu hulala, akisimama husimama naye.
Na vidonge vya pumu, vile vidogo vyeupe,
miaka tisa, duka la dawa la Kitangari, bila cheti.
Vilimpa pumzi, vikajilipa kwa chokaa ya mifupa.

Nikapiga nyonga. Mbele, kisha ubavu.
Nikaiinua kwenye mwanga:
shingo ya paja imetulia, haina neno.
"Hakuna kitu," nikasema.
"Hakuna kinachoonekana," akasema Hokororo,
na akaandika vyake, si vyangu.

Mashine inayoona maji ndani ya mfupa iko Dar,
na Dar ni magunia mawili ya korosho, kwenda tu.

Bibi alikuwa akitusikiliza.
"Nyie mnabishania nini?
Mimi korosho tupu naijua kiganjani
kabla sijaipasua. Ganda zima, linang'aa,
lakini mkono unakataa.
Huu mguu mkono unaukataa."

Akapewa magongo na amri:
mguu wa kushoto usibebe hata kivuli chake.
Mwanawe Bakiri akaja juu:
tumelipia picha mbili, zote nzima,
sasa mama afungwe kitandani kwa ugonjwa gani?
Mvua ikishika korosho zitaoza, nani ataokota?
Hokororo akamjibu bila kuinua kichwa:
"Utaokota wewe.
Huo mfupa ukikatika wote,
utakuwa unamgeuza mama yako kitandani."

Wiki tatu.
Alirudi amekasirika, kwapa zimechubuka,
akidai Bakiri anaokota kama mtu anayetafuta sindano.
Nikampiga ile ile, mbele na ubavu.
Nilikuwa peke yangu filamu ilipokauka.

Upande wa chini wa shingo ya paja:
uzi mweupe, mfupi kama kope.
Mfupa ulikuwa umeanza kujishona,
na mshono ndio uliousaliti ufa.
Ulikuwepo siku ile. Ulikuwepo nikiandika.

Nilimpelekea Hokororo. Akaitazama kitambo,
akasema "Aa," basi,
akaniomba kalamu.

Bibi Somoe akataka kuuona.
Nikamwonyesha kwa ncha ya kucha.
"Kumbe kadogo hivi," akasema,
na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyevunjiwa heshima,
maumivu yote yale, na mwenyewe ni huyu.

Siku hizi wakiniletea mzee
natoka kwanza kumtazama akitembea.
Si kila mara. Foleni ikiwa ndefu, nasahau.

Rejista ile bado ipo kabatini.
Nimeupiga mstari uzee,
lakini wino ni hafifu.
Unasomeka.